Mgonjwa wa Serikali ya Mezani

Nchi ninayoisimulia ipo, ila wachora ramani huipita kimyakimya, namna watu wanavyoipita nyumba yenye ugomvi. Jina lake Mezani. Wenyeji wake si watu wabaya. Ni wapole, wasafi, wanakirimu wageni, na kosa lao ni moja tu, kwamba wanaiamini meza kupita kiasi. Kwao jambo ambalo halijapita mezani halijatokea. Mtoto akizaliwa hulazwa juu ya meza ya karani kwanza ndipo apewe jina, na mtu akifa huhesabiwa yu hai mpaka muhuri ugongwe. Nimesikia habari za mjane mmoja wa huko aliyempakulia marehemu mumewe chakula miezi miwili, kwa kuwa karani alikuwa likizo. Walionisimulia hawakucheka, nami sikuona pa kuchekea.

Mwaka mmoja Mezani ilitoa tangazo, likabandikwa hata katika nchi za jirani. Lilisema hivi: nchi yetu ina uhaba mkubwa wa wauguzi, wagonjwa wetu wanateseka, wauguzi wote, wa ndani na wa nje, wanakaribishwa kwenye usaili, nafasi ni tatu. Wengi walioanza kulisoma walishikwa na huruma mapema mno, wakafunga mizigo kabla ya kufika mwisho.

Msichana mmoja, jina lake Sikudhani binti Mfaume, alifika mwisho, akaenda hivyo hivyo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amemaliza chuo cha uuguzi miaka mitatu kasoro siku chache. Muda wote huo alikuwa akijitolea kwenye zahanati ya kijijini kwao: akizalisha, akiosha vidonda, akichoma sindano, na kila mwisho wa mwezi mganga wa zahanati akimwita na kumpa asante. Ilikuwa asante ya dhati, lazima tuseme kweli, ila haikuchemka sufuriani. Na siku zilikuwa zinamwishia. Sheria ya Mezani, ambayo nchi zote za jirani ziliiiga bila kuuliza, inasema kwamba cheti cha uuguzi kikikaa miaka mitatu bila ajira kimechacha. Cheti kilichochacha huchanwa, na mwenyewe hana ruhusa tena ya kuvaa kofia nyeupe wala kujiita muuguzi popote pale. Cha Sikudhani kilikuwa kimebakiza siku kumi na nne.

"Nenda, mwanangu," alimwambia Shangazi Somoe, aliyemlea. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hawa wenyeji wamekiri wenyewe kwamba wanaumwa."

Safari yenyewe sitaisimulia. Alichoka, akafika.

Hospitali Kuu ya Mezani ina ua mpana, na katikati ya ua huo pamefungwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Upande mmoja wa kamba kuna baraza ndefu, na barazani walilala wagonjwa kwenye mikeka, kila mmoja na ndugu yake wa kumpepea. Upande wa pili walikaa wauguzi elfu nne juu ya mabegi yao, wamevaa sare nyeupe zilizopigwa pasi, wakisubiri kusailiwa. Kutoka mkeka wa mwisho hadi begi la kwanza hapakufika hatua tano. Penye kamba alisimama mlinzi, na kando yake ubao wa sheria: Msailiwa haruhusiwi kumgusa mgonjwa mpaka asailiwe na kufaulu.

Kabla ya kukaa, Sikudhani alipelekwa kwa Mnusa Vyeti. Huyu ni ofisa mwenye meza yake na kitambaa chake cha kufutia pua. Alikipokea cheti kwa vidole viwili, akakipitisha chini ya pua mara mbili, akafumba macho.

"Siku kumi na moja," akasema. "Kimeanza ukakasi. Umechelewa wapi, binti?"

"Sikuchelewa, mheshimiwa. Nilikuwa zahanati, nafanya kazi."

"Ya mshahara?"

"Ya kujitolea."

Mnusa Vyeti alimtazama kwa masikitiko ya kweli, akamgongea muhuri, akamwonyesha pa kukaa. Palikuwa karibu kabisa na kamba, kwa sababu waliowahi wote walikuwa wamekimbilia mbali nayo. Sababu ya kuikimbia aliijua mara alipoketi. Mbele yake, ng'ambo ya kamba, alilala mzee mwenye kidonda cha mguu, na harufu ya kidonda ilimfikia kabla hata hajaweka begi chini. Mkewe, Bi. Havijawa, alikuwa akifukuza nzi kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu," alisema yule bibi, "bandeji hii ya mzee Ngwali ina siku nne. Hebu nitazamie."

Sikudhani alinyanyuka nusu. Mlinzi akakohoa na kuugonga ule ubao kwa fimbo.

"Samahani, bibi. Sijasailiwa."

Yalimtoka maneno hayo na akayaonea aibu pale pale. Bi. Havijawa hakukasirika. "Najua," akasema. "Wenzio wote wameniambia hivyo. Nauliza tu kwa sababu sura zinabadilika."

Aliyemfunulia Sikudhani mambo ya nchi ile alikuwa msailiwa mwenzake aliyekaa begi la pili, kijana mmoja mrefu aitwaye Chande. Yeye alikuwa mwenyeji. Usaili Mezani hufanywa kila miezi mitatu, na huu ulikuwa wa kumi na moja kwake. Cheti chake kilikuwa kimebakiza mwezi mmoja, kwa hiyo wa kumi na mbili usingekuwepo.

"Lakini wodini hakuna wauguzi kabisa?" Sikudhani alimuuliza. "Siku nzima sijaona hata mmoja akipita."

"Wapo sitini, dada. Wako mezani."

"Wanafanya nini?"

"Wanatusaili sisi. Wasailiwa elfu nne si mchezo. Kuna wa kupokea barua, wa kuita majina, wa kunusa, wa kusahihisha, wa kuuliza. Zamani walikuwa wanatoa watu kumi tu wodini. Wodi zikapungukiwa, likatoka tangazo la uhaba. Tangazo likaleta watu wengi zaidi, wakatoa wengine ishirini, kisha thelathini. Sasa wamekwisha. Wodini amebaki mmoja, na nasikia wiki ijayo naye anapanda mezani."

"Na hao watatu wanaoajiriwa?"

"Nao wanakwenda mezani. Wangekwenda wapi tena?"

Aliyasema hayo bila uchungu, kama mtu anayemwelekeza mgeni kisima kilipo. Sikudhani alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Kisha Chande akamweleza juu ya Mgonjwa wa Serikali. Zamani, alisema, wasailiwa walipimwa kwa kumhudumia mgonjwa halisi, lakini ikaonekana si haki, kwa sababu wagonjwa halisi hawafanani: mmoja analia, mwingine anatapika, mwingine anakufa katikati ya swali. Serikali ikaamua kuajiri mgonjwa mmoja wa kudumu, mwenye maradhi mamoja yaliyoandikwa, ili wote wapimwe sawa. Anayeishika nafasi hiyo, Bwana Sefu Kitwana, ana miaka tisa kitandani. Kitanda chake ndicho pekee hospitalini chenye magodoro mawili. Kila msailiwa humuuliza maswali thelathini kwa mpangilio wa karatasi, naye humjibu kwa mpangilio huo huo, kisha yeye ndiye humpa alama ya mwisho. Tumbo linamuuma upande wa kulia tangu jana jioni. Limekuwa likimuuma tangu jana jioni kwa miaka tisa.

"Sharti la kazi yake ni moja," alisema Chande. "Awe mzima wa afya. Akiugua hata mafua wanamwondoa, maana ataharibu usawa. Mezani hapa kila mtu anaruhusiwa kuumwa isipokuwa Mgonjwa."

"Na sisi sharti letu?"

"Yetu mawili. Usitoke nje ya karatasi, na usiiguse meza ya wasaili. Hata ukijikwaa, anguka upande mwingine. Halafu kwenye kunawa mikono usitafute maji. Hakuna maji. Nawa kwa adabu tu, uonyeshe vidole vyote kumi."

Walikaa siku nane. Kwa kuwa sheria ilikataza kugusa na haikukataza kusema, Sikudhani alimwelekeza Bi. Havijawa kutoka upande wake wa kamba: chemsha maji, tia chumvi, yaache yapoe, loweka bandeji kabla ya kuibandua. Bibi alijitahidi, lakini macho yake yalikuwa hafifu na mikono inatetemeka, na bandeji ilibanduka na nyama. Mzee Ngwali aliuma upindo wa shuka. Sikudhani alikuwa na mikono miwili iliyofundishwa kazi hiyo miaka mitatu, akaikalia. Wenzake elfu nne nao waliikalia yao, na wengine walikuwa wakikariri maswali kwa sauti ili wasisikie.

Siku ya tisa aliitwa. Cheti kilikuwa kimebakiza siku tatu.

Meza ya wasaili ilikuwa ndefu, imetandikwa kitambaa cha kijani. Walikaa saba. Katikati alikaa mwenyekiti, Bi. Mwanakheri, mwanamke wa makamo ambaye, kwa maelezo ya Chande, aliwahi kuwa mkunga hodari kuliko wote nchini kabla meza haijamchukua. Mbele yao palikuwa na birika la chai, vikombe saba na bakuli la sukari. Ilikuwa saa tisa alasiri. Wasaili walikuwa wamekula mezani pale pale, wakiendelea kuuliza, maana walitaka kumaliza orodha ya siku.

"Meza ya kwanza ya nchi hii ilichongwa kwa mti gani?" aliuliza msaili wa kwanza.

"Mninga."

"Ina miguu mingapi?"

"Minne, na wa tano wa akiba."

Wakaandika. Chande alikuwa amemfundisha vizuri.

"Eleza uzoefu wako," alisema Bi. Mwanakheri.

Sikudhani akaeleza: akina mama wangapi aliwazalisha, vidonda gani alivifunga, usiku wa kipindupindu walivyobaki wawili zahanati nzima. Alipofika hapo msaili wa mwisho akainua kalamu.

"Hiyo ilikuwa kujitolea?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi si uzoefu. Kujitolea ni tabia. Mwenyekiti, niandike kwamba ana tabia nzuri?"

"Andika," alisema Bi. Mwanakheri. "Msailiwa, nenda kwa mgonjwa."

Kitanda kilikuwa hatua nne kutoka mezani. Bwana Sefu Kitwana alilala chali, mtu mnene wa makamo, shuka limemfika kifuani. Sikudhani akanawa mikono bila maji, akaonyesha vidole vyote kumi, akaanza.

"Hujambo, mheshimiwa mgonjwa?"

"Sijambo kidogo," alijibu, na jibu lilikuwa sahihi, ila ulimi ulikuwa mzito.

Swali la pili na la tatu yakapita. La nne aliulizwa anaumwa nini. Bwana Kitwana akatazama dari. "Tumbo," akasema, kisha, "jana," kisha akanyamaza. Mdomo ulikuwa unamcheza.

"Mgonjwa, malizia namba nne," alisema msaili mmoja, bila kuinua macho.

Namba sita ni kumshika mgonjwa kifundo cha mkono na kuhesabu mpaka kumi na tano, huku ukitazama saa ya ukutani, ambayo haitembei. Sikudhani alimshika. Mkono ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, na chini ya vidole vyake mapigo yalikuwa yanakimbia. Alisahau kuhesabu. Namba tisa ni kufunua tumbo. Akaruka la saba na la nane, akalifunua. Pembeni ya kitovu palikuwa na alama ndogondogo za sindano, mpya na kuukuu, zimetawanyika pande zote mbili. Alama zile alizijua. Kule zahanati alikuwa na mama watatu waliojichoma sindano za kisukari tumboni kila asubuhi, na alikuwa amewafundisha yeye.

Akamwinamia. "Baba, umekula mchana?"

Hilo halikuwemo kwenye karatasi. Kalamu saba zikasimama.

"Hawakutoa nafasi," alisema Bwana Kitwana kwa sauti ndogo, kama mtu anayeota.

Basi mambo yalikuwa hivyo. Mtu yule alikuwa na kisukari, akakificha ili asipoteze kitanda. Asubuhi alijichoma sindano yake kwa siri, kisha wakampitishia wasailiwa mmoja baada ya mwingine mpaka alasiri bila tonge, na sukari ya mwilini ikashuka. Dawa yake ilikuwa ndani ya bakuli la kauri, hatua nne kutoka pale, na anayetakiwa kuifikisha alikuwa amekatazwa kuigusa meza.

Sikudhani aligeuka. "Waheshimiwa, huyu mtu anaumwa."

"Tunajua," alisema msaili wa kwanza. "Tumbo, upande wa kulia."

"Anaumwa kweli. Sukari imeshuka. Nipeni hiyo sukari."

Aliyemtazama mgonjwa zaidi alikuwa Bi. Mwanakheri. Mwenyekiti aliuona uso wa Bwana Kitwana na jasho lake, na alikuwa ameyaona majasho ya namna ile mara nyingi kabla ya kupanda mezani. Mkono wake ulisogea kuelekea kwenye bakuli. Ukafika nusu ya njia. Kisha akautazama, akaurudisha mapajani, na hili sitamsamehe mpaka kesho.

Naye Sikudhani aliijua gharama. Alimfikiria Shangazi Somoe akimngoja kibarazani, akazifikiria siku tatu zilizobaki. Lakini alikuwa bado na ule mkono wa baridi kwenye vidole vyake. Akaenda mezani, akaegemea kitambaa cha kijani, akachukua bakuli na kikombe cha chai cha mwenyekiti mwenyewe. Akakoroga vijiko vinne. Akamwinua Bwana Kitwana, akamtazama kama anaweza kumeza, akamnywesha kidogokidogo, huku nyuma yake wasaili sita wamesimama wakizungumza kwa pamoja.

Mjadala ule umeandikwa, nami nitatoa sehemu yake tu. Mmoja alitaka kujua kama bakuli la sukari ni sehemu ya meza au ni kitu kilicho juu ya meza. Wa pili akasema hata kama ni kitu tu, kiwiko cha msailiwa kimeonekana kikigusa kitambaa. Wa tatu, aliyekuwa na akili kuliko wote, aliuliza swali lililowanyamazisha: kama Mgonjwa ni mgonjwa, basi wasailiwa wote wa leo wamepimwa kwa maradhi yasiyo sahihi, na huenda wa miaka yote tisa. Nani atabeba jambo hilo mezani kwa Waziri? Hapakuwa na wa kulibeba. Ikakubaliwa kwa kauli moja kwamba aulizwe mwenyewe.

Kwa wakati huo Bwana Kitwana alikuwa amekaa. Rangi ilikuwa imemrudia. Aliangalia kikombe, akamwangalia Sikudhani, na macho yake yalimjua vizuri sana.

"Mgonjwa," alisema Bi. Mwanakheri, akitazama karatasi zake, "ulikuwa unaumwa?"

Bwana Kitwana akavuta shuka, likafunika tumbo.

"Mimi ni mzima," akasema. "Nilikuwa nafanya kazi yangu. Huyu msailiwa ameruka namba saba na nane, na amenilisha bila idhini." Akaomba kalamu, akamwandikia sifuri. Aliiandika kwa mkono uliotulia kabisa, maana sukari ilikuwa imekwisha kumwingia.

Siku tatu baadaye Mnusa Vyeti alikinusa cheti kwa mara ya mwisho, akakichana vipande vinne, akakitia kwenye pipa. Kofia aliivua mwenyewe Sikudhani, akaiweka juu ya meza. Hakulia hapo. Alilia uani, amesimama katikati ya wale elfu nne, na wengi wao waligeukia kando, si kwa ubaya, bali kwa sababu machozi yanaharibu kukariri.

"Mwanangu," alisema Bi. Havijawa kutoka ng'ambo ya kamba.

Sikudhani aliinua kamba, akapita chini yake. Mlinzi akamwekea fimbo kifuani.

"Msailiwa haruhusiwi."

"Mimi si msailiwa. Wamenitoa."

"Basi muuguzi lazima awe amefaulu."

"Si muuguzi pia. Nenda kamuulize Mnusa Vyeti."

Mlinzi akausoma ubao mara mbili, midomo ikimcheza. Ubao ulimkataza msailiwa. Watu wengine haukuwataja. "Sasa wewe ni nani?"

"Ndugu wa mgonjwa."

"Ndugu wanaruhusiwa," alikiri mlinzi, na akaishusha fimbo.

Akapiga magoti kwenye mkeka wa mzee Ngwali, akaloweka bandeji, akaibandua polepole, akaosha kidonda mpaka kikaonyesha nyama nyekundu. Mzee hakuuma shuka. Alipomaliza, mkeka wa pili ulikuwa ukimwita, na wa tatu.

Chande alikuwa na zamu yake kesho yake. Jioni ile alikuja penye kamba, naye Sikudhani akamwendea na kikaratasi kilichokunjwa.

"Chukua. Ni sukari, nimepewa na Bi. Havijawa. Yule baba hataacha kujichoma, na wale hawataacha kumpitisha na njaa. Ukimshika mkono namba sita ukakuta jasho la baridi, mtie hii chini ya ulimi. Huna haja hata ya kuigusa meza. Mkono mmoja tu, Chande. Hawataona."

"Alikuandikia sifuri, dada."

"Najua alichoniandikia. Sikusema anastahili. Nimesema atakufa."

Chande alikitia kikaratasi mfukoni, akaapa.

Alirudi kesho yake alasiri. Kifuani alikuwa na beji mpya ya bati, na hakuwa na furaha ya mtu mwenye beji. Akasimama upande wake wa kamba.

"Nimefaulu," akasema.

Sikudhani alikuwa ameshika bakuli la uji. "Alikuwa na jasho?"

"Alikuwa na jasho."

"Ulimshika?"

"Namba sita. Nilihesabu mpaka kumi na tano. Kuanzia namba kumi na nane hakujibu. Wasaili walikuwa wananitazama mikono, dada. Nikaendelea. Nikamuuliza yote mpaka thelathini, nikamshukuru kwa ushirikiano. Mgonjwa hakulalamika, wakasema, kwa hiyo ameridhika. Wamenipa mia."

"Na baadaye?"

"Wasailiwa wawili walimsaili baada yangu. Wamewakata alama kwa kushindwa kumfanya mgonjwa azungumze. Muhuri umegongwa saa kumi, kwa hiyo amekufa saa kumi."

Wahenga wana msemo wao, mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ile ungesemwa na wengi. Lakini msemo huo hauwataji walioyaona maradhi wakageuza uso, na hao ndio walioujaza ukumbi ule. Sikudhani alitaka kumchukia Chande, na alimchukia, kisha akaiangalia ile beji aliyoitafuta mara kumi na moja akamwonea huruma pia, na huruma hiyo ilimuuma kuliko chuki.

"Wamekupanga wodi gani?" aliuliza.

"Mezani. Mgonjwa mpya anatafutwa, usaili wake unaanza Jumatatu. Wamekwisha kuomba elfu sita. Wanahitaji watu wa kuita majina."

Akatia mkono mfukoni, akatoa kikaratasi, akakinyoosha juu ya kamba. Kilikuwa kimekunjwa vile vile alivyopewa. Sikudhani akakipokea. Chande akangoja kidogo, labda alitaka atukanwe, kisha akageuka kuelekea ukumbini. Wale wasailiwa wakampisha njia, na waliokuwa karibu walimgusa shati ili nao wapate bahati.

Kwenye mkeka wa jirani alikuwa amefika mama mmoja mgeni na binti yake mgonjwa. Alikuwa amemtazama Sikudhani kwa muda mrefu, anavyokunja bandeji, anavyoinua vichwa vya watu.

"Samahani," akasema. "Wewe ndiye nesi?"

"Hapana, mama," alijibu Sikudhani. "Nesi ni yule anayeondoka."

Akakifungua kikaratasi, akaimimina sukari yote kwenye uji wa mzee Ngwali, akakoroga.